Hatari Iko Kati ya Magharibi na Saa Nne

Mzazi wa Tabora mjini akisema Jumamosi anawapeleka wanawe Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, jirani atamuuliza kama amefikiri vizuri. Wa Kigoma akisema anapanda boti kwenda Gombe, atakumbushwa habari ya sokwe aliyemuua mtoto. Lakini shule zikifungwa Desemba, wazazi hao hao huwapakia watoto kwenye basi kwenda kwa bibi huko Kaliua, Sikonge, Uvinza au Nguruka, na hakuna anayeuliza neno. Huko watoto watateka maji mtoni alfajiri, watafuata uyoga kwenye miombo, na wakitumwa dukani jioni watarudi giza limeshaingia. Ugalla ilikuwa pori la akiba hadi mwaka 2019 ilipopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, utalii wa ndani unahimizwa kila kona, na familia zimeanza kuitikia. Hofu iliyofuatana na mwitikio huo naielewa, ila naona imeelekezwa pasipo.

Hoja yangu ni kwamba kwenda porini na watoto si jambo la hatari kwa lenyewe. Ninapofuatilia namna watu wanavyoshambuliwa na simba, fisi, chui au mamba, mambo mawili hujirudia: saa waliyokuwapo pale, na hatua zilizokuwa kati ya mtoto na mtu mzima wa karibu. Aina ya mnyama na jina la pori huja nyuma ya hayo. Familia inayojua saa na hatua inaweza kutembea Ugalla ikarudi salama. Isiyojua haiko salama hata uani kwake.

Chukua hifadhi zenyewe. Ndani ya hifadhi yenye simba familia hukaa kwenye gari, haishuki ovyo, hutembea kwa miguu ikiwa na askari, na jioni inatakiwa iwe imeshatoka au imefika kambini. Masharti hayo huwakera wageni, hasa wenye watoto wanaotaka kukimbia, lakini mengi yaliandikwa baada ya msiba. Gombe ni mfano ulio karibu nasi. Mei 2002 sokwe dume aliyeitwa Frodo alimpokonya mtoto wa miezi 14 ndani ya hifadhi na kumuua. Waliodhani sokwe ni mnyama wa kula matunda tu walishangaa, ingawa utafiti wa Gombe wenyewe ndio ulioionyesha dunia tangu mwaka 1960 kwamba sokwe huwinda na kula nyama, na kwamba windo lake kubwa ni mbega wekundu. Mtoto mchanga wa binadamu hana tofauti kubwa ya kimo na windo hilo. Ndiyo maana leo kuna umri ambao mtoto aliye chini yake haruhusiwi kwenda kuwafuata sokwe msituni, na hata mtu mzima hutakiwa abaki umbali wa mita 10.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika pale tarehe 14 Julai 1960, hakusubiri kanuni. Alipopata mtoto wa kiume mwaka 1967 alimtengenezea chumba cha wavu ufukweni, maana alijua kwamba katika mkoa huu sokwe walishawahi kuchukua watoto wachanga. Namtaja kwa sababu mjadala wetu huwagawa watu katika makundi mawili, wapenda wanyama na wapenda watu, kana kwamba lazima uchague. Sidhani kama Kigoma imewahi kumpokea mtu aliyewapenda sokwe kuliko mama huyo, na bado aliweka wavu kati yao na mwanawe.

Sasa tuje kwa simba, ambaye ndiye anayetutisha kuliko wote. Tanzania ina bahati mbaya ya kuwa na kumbukumbu nyingi za jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu 563 waliouawa na simba nchini kati ya mwaka 1990 na 2004, na wengine wasiopungua 308 waliojeruhiwa. Matukio yaliongezeka wakati wa mavuno, Machi hadi Mei, na watafiti waliona mkono wa nguruwe pori katika jambo hilo: nguruwe huingia shambani usiku kula mazao, mkulima hulala kwenye dungu kuwafukuza, na simba anayewafuata nguruwe hukuta binadamu amelala kwenye kibanda cha nyasi. Mara nyingi mkulima hayuko peke yake. Yuko na mke na watoto, kwa sababu shamba liko mbali na nyumbani na hakuna wa kuwaachia. Nikisoma hivyo sioni watu waliokwenda kutalii. Naona familia iliyokuwa ikilinda chakula chake.

Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulipitia mashambulizi zaidi ya 1,000 yaliyotokea nchini kati ya mwaka 1988 na 2009, ukayapanga kwa saa na kwa umri wa mwezi angani. Mengi yalitokea kuanzia jua linapozama hadi saa 4 usiku, na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Ukiwa umekulia kijijini utalielewa hilo bila kuchorewa mchoro. Kuanzia mwezi unapoandama hadi kumi na nne, jua likitua mwezi tayari uko juu. Watu wanazoea kutembea kwa mbalamwezi, watoto wanacheza nje, mama anakwenda kwa jirani kuomba chumvi. Simba naye siku hizo huwinda kwa shida, kwani mawindo yake yanamwona, kwa hiyo njaa inampata. Baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Kufika tarehe 20 ya mwezi huo, kijiji kinakaa gizani tangu magharibi hadi karibu saa 5 usiku, na watu bado wana mazoea ya wiki iliyopita. Njaa ya simba na mazoea yetu hukutana katika saa zile zile.

Takwimu hizo zimejaa matukio ya Lindi, Mtwara na Pwani, na sidai kwamba Sikonge ni Rufiji. Hata hivyo nguruwe pori wa Tabora hula mahindi yale yale, mkulima wa Uyui hulala kwenye dungu lile lile, na mwezi ni mmoja. Kinachonishangaza ni kwamba sisi ndio tungepaswa kuwa wepesi wa kulitumia jambo hili kuliko mtu wa mahali pengine popote. Kuanzia Ujiji hadi Tabora mjini kuna watu wanaohesabu mwezi kila siku kwa ajili ya saumu na sikukuu. Tarehe ya mwezi haihitaji simu wala mtaalamu. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kusema, kuanzia tarehe 15 hadi 25 ya mwezi wa kuandama, mtoto haachwi nje baada ya magharibi, na kila mtu akaelewa. Safari ya familia kwenda kupiga kambi nayo ipangwe kwa kalenda hiyo hiyo: ukiweza kuchagua, nenda mwezi ukiwa na siku nane au tisa.

Mamba ni somo jingine, kwa sababu yeye huangalia zaidi ratiba yako kuliko mwezi. Malagarasi na vijito vyake, ardhi oevu kubwa iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, ya kwanza kwa Tanzania, ina kila kitu anachohitaji mamba: maji yanayotembea polepole, matete, samaki na watu wanaokuja mahali pamoja kila siku. Mamba anaweza kukaa chini ya maji muda mrefu bila kuonekana, na akitoka hutoka ghafla. Mama akiteka maji palepale asubuhi ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano, mtoto akiwa ameinama pembeni akichezea tope, hajatofautiana na swala anayekunywa kwenye kijito kilekile. Masika mambo huzidi kuwa mabaya. Maji yanafurika, mamba anasogea karibu na makazi, na maji yakiwa ya tope huwezi kuona chochote. Ushauri unaofaa hapa ni wa kazi za mikono: ndoo yenye kamba ndefu, kuteka ukiwa umesimama juu ya ukingo badala ya kuingia majini, kubadili mahali pa kuteka, na mtoto akae nyuma yako mbali na maji, asiwe ubavuni. Kwa familia zinazokwenda ufukweni Ziwa Tanganyika mwisho wa wiki, waulizeni wavuvi kabla ya kuvua viatu. Karibu na midomo ya mito, kama kule Ilagala ambako Malagarasi unaingia ziwani, na penye matete, msioge. Wala msipare samaki mahali watoto wanapoogelea.

Fisi nitampitia haraka, si kwa kuwa hana madhara, bali kwa kuwa dawa yake tunaijua. Fisi huvutwa na mizoga, mifupa na takataka, na humchukua aliye mdogo au aliyelala. Familia ikilala nje kwa joto la Septemba na Oktoba, mtoto akiwa pembeni mwa mkeka, imemrahisishia kazi. Watoto walale ndani, na ikishindikana walale katikati, watu wazima pembeni, mifupa ya nyama iliyochomwa ikiwa imefukiwa mbali. Kambini, hema lifungwe zipu mpaka mwisho na chakula kisikae ndani. Ndoo ya kujisaidia iwe ndani ya hema, maana mtoto anayetoka usiku wa manane kutafuta kichaka huwa peke yake hata kama baba yake amelala hatua tano kutoka hapo.

Dhidi ya haya yote kuna hoja kadhaa, na zote si za kupuuzwa sawasawa. Ya kwanza inasema wanyama wamezidi, wavunwe. Ina uzito wake. Mnyama mmoja aliyezoea kula watu lazima aondolewe, na kijiji kinachosubiri askari wa wanyamapori kwa siku kadhaa huku simba akirudi kila usiku kina haki ya kukasirika. Ninapotofautiana na wenye hoja hii ni pale wanapodhani kumaliza simba wa Ugalla kutamaliza vifo. Ukimuua simba na kumwacha nguruwe pori shambani, bado watu watalala kwenye dungu, na chui na fisi hawajaenda popote. Mamba wa Malagarasi wakipungua nusu, mama atakayeteka maji mahali pamoja kila asubuhi atakutana na nusu iliyobaki.

Ya pili ni ya wahifadhi, kwamba watu ndio walioingilia njia na makazi ya wanyama. Ni kweli kwamba mifugo mingi, mashamba ya tumbaku na kukata kuni za kukaushia tumbaku vimesogeza kijiji hadi mlangoni mwa pori. Lakini mtoto wa miaka sita hakuchagua mahali shamba la babu yake litakapofyekwa. Hoja hii hutolewa msibani kana kwamba ni maelezo, na mimi huisikia kama hukumu kwa marehemu. Tena haimsaidii yeyote kesho asubuhi, kwani kijiji hakitahama wiki hii.

Ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosambaa kwa kasi: kwamba fisi aliyemchukua mtoto, au simba aliyeingia kijijini, ametumwa. Wanaoitetea hukumbusha mauaji ya simba-watu yaliyotikisa Singida, jirani zetu, katika miaka ya 1940. Kumbukumbu hiyo inawageukia. Walioshtakiwa na kuhukumiwa Singida walikuwa binadamu waliofanya mauaji na kuyafunika kwa jina la simba. Hakuna mnyama aliyegeuka mtu. Ubaya wa imani hii unaonekana katika matendo yake. Ukiamini fisi ametumwa, hutafukia mifupa wala hutamwingiza mtoto ndani, bali utamtafuta aliyemtuma. Na katika mikoa yetu ya magharibi na ukanda wa ziwa tunajua wanaotafutwa ni akina nani: vikongwe wenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni. Mtoto mmoja ameuawa na fisi, kisha bibi mmoja anauawa na majirani, na fisi yuleyule anarudi usiku wa tatu kwa sababu mifupa bado iko pale. Sitaki kulainisha maneno hapa. Kila anayeisambaza hoja hii kwenye simu yake anaweka maisha ya watu wawili hatarini.

Kuna pia wanaosema mama alikuwa mzembe. Mama huyo ana mtoto mgongoni, mwingine mkononi, ndoo kichwani, na bomba la karibu halitoi maji. Sijui angeongeza mkono wa tatu kutoka wapi. Ndiyo maana nasema hatua kati ya mtoto na mtu mzima ni suala la mpangilio wa kundi zima, na si la mama mmoja.

Hapa nitamtaja bibi yangu mara moja tu. Mvua za kwanza zilipoleta uyoga, alitupeleka miombo upande wa Sikonge tukiwa watoto saba au nane. Hatukuruhusiwa kutoka nyumbani kabla jua halijapanda. Mkubwa wetu alitangulia, bibi alifunga nyuma, wadogo katikati. Mmoja alipoinama kuchuma, mwingine alisimama akitazama upande wa pili, na kila baada ya muda aliita "Mpo?" na lazima sauti zote zijibu. Niliyadhani ni mambo ya uzee. Leo askari wa wanyamapori wakieleza namna ya kutembea porini wanasema karibu yale yale: kundi lisikatike, wadogo wawe katikati, sauti isikike ili mnyama ajue mnakuja na aondoke mapema, na mtu aliyeinama au kuchuchumaa asiwe peke yake, kwa sababu huonekana mdogo na asiye na macho ya nyuma. Warina asali wanaokaa wiki nzima kwenye kambi za porini wana desturi za namna hiyo pia. Elimu hii ilikuwepo. Tumeiacha kwa sababu tuliihesabu kuwa ya kishamba, na watoto wetu wa mjini wanaingia porini bila hiyo wala ya kitabuni.

Na mkikutana naye uso kwa uso? Neno kubwa ni kutokimbia. Simba au chui akiona kitu kinachokimbia, mguu wake huamua kabla ya kichwa. Mtu mzima amnyanyue mtoto mdogo mara moja, haraka na bila kugeuza mgongo, kwa sababu mtoto ndiye atakayekimbia na ndiye mwenye kimo cha windo. Kundi lisogeane mpaka mabega yagusane, mikono na kanga zipandishwe juu, sauti iwe nzito na ya ukali, kisha mrudi kinyumenyume polepole mkimtazama. Mwacheni njia ya kuondokea. Hili lizoeshwe nyumbani kama mchezo kabla ya safari, kwani mtoto anayelisikia kwa mara ya kwanza mbele ya simba hatalifanya. Kwa mamba hakuna mazungumzo ya namna hiyo. Kwake usalama ni kutokuwa karibu na maji.

Serikali yetu imejiwekea utaratibu wa kulipa baada ya tukio. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni za mwaka 2011 zilileta kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo au jeraha, na kiwango cha mwanzo kwa kifo kilikuwa shilingi 1,000,000. Siubezi mpango huo; familia iliyofiwa inahitaji msaada, na inahitaji kuupata mapema. Lakini ukifuatilia hoja ya saa na hatua hadi mwisho wake, fedha yenye kazi kubwa ni ile inayotangulia. Kisima kirefu kinachomtoa mama kwenye ukingo wa Malagarasi ni kazi ya kuzuia mamba, hata kama bajeti inakiandika chini ya wizara ya maji. Choo kilicho hatua kumi kutoka mlangoni ni kinga dhidi ya fisi. Kuwadhibiti nguruwe pori kabla ya Machi ni kinga dhidi ya simba, na halmashauri za Sikonge, Kaliua na Uvinza zinaweza kuliomba jambo hilo kwa mamlaka ya wanyamapori kwa jina hilo hilo, kabla msimu haujafika. Uzio wa miti majini, unaoacha sehemu ndogo ya kuteka ambayo mamba hawezi kuingia, hujengwa kwa miti na nguvu za wanakijiji.

Na shule. Mtoto wa darasa la tatu wa Nguruka anafundishwa majina ya sayari. Afundishwe pia mwezi unachomoza saa ngapi usiku wa leo, na kwa nini kuanzia tarehe 15 asitumwe dukani baada ya magharibi. Mwalimu hahitaji kitabu kipya kwa somo hilo. Anahitaji kutoka nje na darasa lake jioni moja, wakiwa kundi, wadogo katikati, na kutazama juu.